Maswali ya Wasomaji: Mnara, Nyaya Kubwa na Jua la Nyanda za Juu

Barua za toleo hili karibu zote zinahusu mionzi: ya minara, ya nyaya za msongo mkubwa, ya simu, ya vyombo vya umeme vya nyumbani. Tumejibu kwa kirefu pale penye hatari ya kweli, na kwa ufupi pale ambapo hofu imelizidi jambo lenyewe. Msishangae mkiona jua na cheche za kuchomelea vyuma zimepewa nafasi kubwa.

Wanafunzi wangu wa kidato cha tatu wananiuliza: mwanga, redio, simu, eksirei na umeme wa nyumbani vyote tunaviita sumakuumeme. Kwa nini basi kimoja kiharibu seli na kingine kisifanye lolote? Nianzie wapi kuwaeleza? (Mwalimu, Mafinga)

Anzia kwenye masafa, mwalimu, yaani idadi ya mitetemo kwa sekunde, inayopimwa kwa hezi. Umeme wa nyumbani una masafa ya hezi 50. Redio za FM ziko kati ya megahezi 88 na 108. Simu hutumia kuanzia megahezi 700 hivi hadi 3,500, na oveni ya maikrowevu 2,450. Juu zaidi kuna mwanga tunaouona, kisha urujuanimno wa jua (UV, miale isiyoonekana inayobabua ngozi), kisha eksirei na gama. Kadiri masafa yanavyopanda, kila chembe ya mnururisho hubeba nishati zaidi. Kuanzia urujuanimno nishati hiyo inatosha kuharibu DNA, na eksirei na gama hung'oa kabisa elektroni kwenye atomu. Chini ya hapo chembe moja haina uwezo huo hata ukizirundika nyingi. Mawimbi ya redio yakizidi sana hupasha mwili joto. Umeme wa masafa ya chini ukizidi sana huamsha mikondo midogo mwilini inayosisimua neva na misuli. Vikomo vya usalama vimewekwa kuzuia mambo hayo mawili, kwa kuacha nafasi kubwa chini ya kiwango kinacholeta madhara.

Jambo la pili ni kutenganisha uga umeme na uga sumaku, yaani maeneo ambamo nguvu ya umeme na nguvu ya sumaku hufika. Uga umeme hutokana na volti. Pasi iliyochomekwa ukutani bila kuwashwa inao tayari. Uga sumaku hutokana na mkondo, kwa hiyo unakuja pale pasi inapoanza kuvuta umeme. Ukuta wa tofali, mti, hata bati lililounganishwa na ardhi hupunguza sana uga umeme. Uga sumaku hupita humo kama vile hakuna kitu, na dawa yake ni umbali.

Wape wanafunzi hesabu hii waifanye ubaoni: uga sumaku wa waya mmoja mnyoofu, kwa maikrotesla (kipimo cha uga sumaku), ni 0.2 mara ampea, gawanya kwa mita. Birika la umeme la wati 2,000 huvuta ampea 9 hivi. Kwa mita moja, waya wake wa moto peke yake ungetoa maikrotesla 1.8. Lakini waya wa moto na nyutro (waya wa kurudishia mkondo) hupita pamoja ndani ya kebo moja, mikondo yao ikielekea pande tofauti, na nyuga zao karibu zinafutana. Hapo ndipo mafundi hukosea. Fundi akichukua moto wa taa ya ngazi kwenye saketi moja na nyutro kwenye saketi nyingine, ile jozi inaachana, na unapata duara kubwa la waya kuzunguka chumba lenye uga sumaku usiofutwa. Kosa hilohilo ndilo linalofanya kikata umeme cha kuvuja (RCD, kinachozima umeme unapovuja) kiruke kila mara bila sababu inayoonekana.

Kikomo cha umma kwa hezi 50, kwa mwongozo wa mwaka 2010 wa ICNIRP, tume ya kimataifa ya kinga dhidi ya mionzi isiyong'oa elektroni, ni maikrotesla 200 na volti 5,000 kwa mita. Vya masafa ya redio vilihuishwa mwaka 2020.

Mnara wa simu umejengwa mita 40 kutoka nyumbani kwangu. Tangu mwezi wa sita naumwa kichwa karibu kila asubuhi, na mke wangu vilevile. Tuhame? (Mstaafu, Uyole, Mbeya)

Pole sana mzee wetu. Kabla ya kufikiria kuhama, tazama namba, kisha tazama ndani ya chumba cha kulala.

Antena za simu, yale mabamba marefu juu ya mnara, haziangazi chini ya miguu ya mnara. Kila moja hurusha mwale bapa kuelekea mbele, ulioinamishwa digrii chache tu. Mwale huo huja kugusa ardhi mita mia moja au zaidi kutoka mnarani, ukiwa umeshatawanyika. Tufanye hesabu kwa ukali. Tuseme antena moja ya megahezi 900 inarusha, ndani ya mwale wake, nguvu inayolingana na wati 3,000. Gawanya wati hizo kwa 4 mara 3.14 mara umbali mara umbali. Kwa mita 40 unapata wati 0.15 kwa kila mita ya mraba. Kikomo cha umma kwa masafa hayo ni 4.5. Uko chini yake mara 30, na hapo tumekuweka hewani, usawa wa antena, katikati ya mwale. Wewe unaishi chini, nje ya mwale, ambako nguvu hushuka tena kwa kiasi kikubwa, mara mia si ajabu. Mnara ukibeba masafa kadhaa, kila moja hupimwa dhidi ya kikomo chake kisha sehemu hizo hujumlishwa. Hata zikijumlishwa, uani kwa mtu hazikaribii kikomo.

Mahali pa kuogopa antena ni mbele yake, karibu, usawa wake. Kwa mfano huohuo wa wati 3,000, kikomo cha umma kinafikiwa kwenye mita 7 hivi. Kwa hiyo wanaopaswa kuwa macho ni wapaka rangi, mafundi wa paa na wafunga madishi kwenye maghorofa yaliyowekwa antena juu. Fundi asipite mbele ya bamba la antena wala kufanya kazi hapo hadi mwenye mtambo athibitishe kwamba umezimwa.

Sasa maumivu ya kichwa. Maumivu yenyewe ni ya kweli, hatuna shaka. Lakini majaribio yamefanywa ambapo mhusika na mpimaji wote hawajui kama mtambo umewashwa au umezimwa, na waliosema wanaumwa na mawimbi hawakuweza kutambua lini yapo. Kilichotushtua katika barua yako ni maneno matatu: mwezi wa sita, asubuhi, mke wangu vilevile. Mwezi wa sita Mbeya ni baridi, na watu huingiza jiko la mkaa chumbani na kufunga madirisha. Mkaa unaoungua kwenye hewa haba hutoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na harufu wala rangi. Inaumiza kichwa watu wote wa chumba kimoja, hasa waamkapo, na nafuu huja wakitoka nje. Hewa hiyo inaua. Kama mnaota moto chumbani, usiku wa leo jiko litoke nje kabla hamjalala, likiwa bado na moto au likiwa limefifia. Kisha nenda ukapime shinikizo la damu, maana nalo huumiza kichwa asubuhi. Sikiliza pia kama jenereta la mnara linakukatia usingizi. Kelele na moshi wa dizeli ni malalamiko halali, na pa kuyapeleka ni halmashauri na NEMC, chombo cha taifa cha kusimamia mazingira.

Ukitaka mnara upimwe, wenye jukumu la mionzi nchini ni Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania, TAEC, iliyopo kwa Sheria Namba 7 ya mwaka 2003. Andika kupitia serikali ya mtaa, taja mahali mnara ulipo, na uombe majibu yenye namba: volti kwa mita au wati kwa mita ya mraba, masafa yaliyopimwa, na asilimia ya kikomo. Jibu la "ni salama" bila namba lirudishe kwa adabu.

Nimepakua programu ya kupima sumaku kwenye simu. Chumbani inasoma maikrotesla 34, karibu na mlango wa chuma 60. Nimesoma kwamba 0.4 ni hatari kwa watoto. Nifanye nini? (Mwanafunzi, Kihesa, Iringa)

Usifanye lolote, mdogo wetu. Simu yako inasoma sumaku ya dunia kupitia dira yake. Sumaku hiyo ipo kila mahali, haibadiliki mara 50 kwa sekunde, na huku kwetu ni kati ya maikrotesla 30 na 35. Chuma cha mlango kinaipinda, ndiyo maana namba inaruka. Zima mainswichi ya nyumba nzima upime tena: utaona ileile 34.

Hiyo 0.4 inahusu uga wa hezi 50, tena wastani wa siku nzima. Tafiti zilizokusanywa pamoja ziliona leukemia (saratani ya damu) ya utotoni imeongezeka kidogo kwa watoto wachache waliokuwa juu ya 0.3 au 0.4, bila kuthibitisha kwamba uga ndio chanzo. Kwa sababu hiyo shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliweka uga sumaku wa masafa ya chini kwenye kundi 2B mwaka 2002, yaani "huenda unasababisha saratani", na mawimbi ya redio kwenye kundi hilohilo mwaka 2011. Kupima hezi 50 kunahitaji kipimo chenye koili, kilichotengenezwa kwa kazi hiyo.

Shamba langu la parachichi limepitiwa na njia ya umeme wa kilovolti 220 iendayo Songea. Uzio wa senyenge ukiugusa unachoma vidole, trekta nalo vilevile. Asubuhi zenye ukungu nyaya zinatoa sauti ya kukaangika. Je, wafanyakazi wangu wanaungua na mionzi? (Mkulima, Makambako)

Hawaungui. Ila shamba lako lina hatari nyingine, na hiyo ndiyo tunataka uishughulikie wiki hii.

Chini kabisa ya nyaya za kilovolti 220, katikati ya nguzo mbili ambapo nyaya zimelegea na kukaribia ardhi, uga umeme kwa kawaida ni volti elfu kadhaa kwa mita, na uga sumaku ni maikrotesla chache, ukipanda na kushuka kulingana na mkondo. Ukitoka pembeni vyote vinashuka haraka. Ukifika mita 50 hadi 100, kwa kawaida unasoma kile kinachosomwa mahali pasipo na njia ya umeme kabisa. Mtu anayepalilia hapo chini kwa saa chache hakusanyi chochote mwilini kinachobaki baada ya kutoka. Sauti ya kukaangika ni hewa iliyogusana na waya ikipasuka kwa nguvu ya uga. Ukungu na matone huizidisha. Itakusumbua redio ya masafa ya kati, basi.

Senyenge inachoma kwa sababu mbili tofauti, na kila moja ina dawa yake. Ya kwanza ni uga umeme: waya uliofungwa kwenye nguzo kavu za mbao hauna njia ya kwenda ardhini, kwa hiyo unajichaji na kusubiri kidole chako. Ndiyo maana kiangazi unachoma kuliko masika, wakati nguzo zimelowa. Ya pili ni uga sumaku: uzio unaokwenda sambamba na nyaya kwa mamia ya mita hugeuka upande mmoja wa transfoma, na mkondo unazaliwa ndani yake. Uzio unaokatiza njia kwa pembe mraba una tatizo dogo.

Dawa ni hii. Wasiliana na ofisi ya TANESCO kwanza, maana ndani ya mkuza (ukanda wa ardhi wa njia ya umeme) hujengi wala huchimbi bila idhini yao. Kisha fundi umeme, akiwa na glavu za mpira, apigilie vyuma vya ethi vya mita 1.2 hadi 1.5 kwenye kila mwisho wa kipande kilicho chini ya nyaya na kimoja katikati. Uzio ukienda sambamba, ethi ziongezwe kila baada ya mita 30 hadi 50. Waya wa ethi ufungwe kwenye chuma cha ardhini kwanza, ndipo uguswe kwenye senyenge, na kila mstari wa senyenge uunganishwe, si wa juu peke yake. Halafu ukate uzio vipande: pale unapotoka nje ya mkuza acha nafasi kati ya nguzo mbili za mbao, ili chaji ya chini ya nyaya isisafiri hadi kwenye geti la zizi. Kosa la kawaida ni kuweka ethi moja tu mwisho wa uzio mrefu. Mwisho ule unapoa, na ncha ya pili inabaki inachoma vilevile. Udongo ukikauka Septemba na Oktoba, ethi fupi hupoteza kazi, kwa hiyo chagua vyuma virefu tangu mwanzo.

Trekta na lori husimama kwenye mpira, nao hujichaji hivyohivyo. Funga mnyororo unaogusa ardhi kabla ya kuegesha. Usijaze mafuta chini ya nyaya kamwe: cheche ndogo inayochoma kidole inatosha kuwasha mvuke wa petroli.

Na sasa hatari yenyewe. Umeme wa kilovolti 220 hausubiri kuguswa, huruka hewani. Bomba la alumini la umwagiliaji la mita 6 likisimamishwa wima ili kumwaga maji, ngazi ya kuchumia matunda, mti mrefu wa kuangulia parachichi: hivyo ndivyo vinavyoua watu chini ya nyaya. Toa amri shambani kwamba chini ya njia kila kitu kirefu kuliko mtu hubebwa kwa kulazwa, na watu wawili. Miparachichi isiyopogolewa hurefuka sana. Hapo chini panda viazi, maharage au ngano. Maji ya mpira yasielekezwe juu kwenye nyaya. Waya ukikatika na kulala chini, asiusogelee mtu. Aliye karibu aondoke kwa hatua fupi za kuburuza miguu iliyogusana, bila kuinua, kwa sababu ardhi yenyewe ina volti na tofauti kati ya mguu na mguu ndiyo inayomwangusha. Hapo shamba lisimame mpaka TANESCO wathibitishe kwamba wamekata.

Mita ya LUKU iko ukutani upande wa pili wa kichwa cha kitanda. Kuna madhara? (Mama, Vwawa)

Hapana, mama. Kwa umbali wa nusu mita uga wake unachanganyika na wa nyumba nzima. Ukipenda kitanda kisogezwe, kisogeze, hakuna hasara.

Kijijini kwetu mtandao ni wa kubahatisha, simu inapata moto sikioni. Na usiku naiweka chini ya mto. Ni kweli inaleta uvimbe wa ubongo? (Kijana, Makete)

Kijana, kuna jambo hapa ambalo wengi wanalielewa kinyume. Simu hujipimia nguvu ya kurusha kulingana na mtandao. Kwenye 2G ya megahezi 900 inaweza kurusha kwa kilele cha wati 2, ambacho kwa wastani ni wati 0.25. Ukiwa karibu na mnara, hushuka hadi sehemu ndogo sana ya hapo. Kwa hiyo mtu wa bondeni Makete mwenye mstari mmoja wa mtandao anapokea mawimbi mengi zaidi kutoka simu yake mwenyewe kuliko mtu anayeishi jirani na mnara. Kijiji kikipinga mnara kwa kuogopa mionzi, kinaongeza mionzi ya sikioni.

Kuhusu uvimbe: uchambuzi mpana ulioombwa na Shirika la Afya Duniani, uliotoka mwaka 2024, haukuona kwamba watumiaji wa simu wanapata saratani ya ubongo zaidi ya wengine. Kikomo cha simu kichwani ni wati 2 kwa kila kilo ya mwili, wastani wa gramu 10 za nyama, na simu halali hupimwa ikiwa kwenye nguvu yake ya juu kabisa. Joto unalolisikia ni la betri na kioo.

Hata hivyo kupunguza ni rahisi, hakuna sababu ya kuacha. Panda mahali pa wazi kabla ya kupiga. Tumia spika au hedifoni za waya: kutoa simu sikioni na kuiweka sentimita 20 mbali kunashusha kinachofika kichwani mara nyingi sana. Mtandao ukiwa hafifu, tuma ujumbe. Chini ya mto usiiweke, hasa ikiwa inachaji, kwa sababu betri isiyopumua hupata moto na nguo za kitanda hushika. Kama kuna mzee nyumbani aliyewekewa kifaa cha kusaidia mapigo ya moyo, simu ikae sentimita 15 au zaidi kutoka kifuani kwake, mfuko wa kushoto wa shati haufai.

Stika na kidani cha "kuzuia mionzi" vinauzwa hapa stendi. Vinafanya kazi? (Mfanyabiashara, Mbeya mjini)

Stika haifanyi kitu, na ikiwa ya chuma ikaziba antena, simu itaongeza nguvu kufidia. Kidani ni jambo zito zaidi. Desemba 2021 mamlaka ya nyuklia ya Uholanzi ilitangaza bidhaa kumi za namna hiyo, vidani, bangili na kifuniko cha macho vikiwemo, ambavyo vyenyewe vilikuwa vinatoa mionzi ya kung'oa elektroni kutokana na madini yaliyochanganywa humo. Mtu anajivika mionzi ya kweli kujikinga na isiyomdhuru. Usiviuze, tafadhali. Ulivyo navyo usivitupe jalalani, viweke ndani ya boksi mbali na watu uwaulize TAEC pa kuvipeleka.

Njombe ni baridi, tunatumia hita ya kuogea na blanketi la umeme. Nina mimba ya miezi minne. (Dada, Njombe)

Dada, blanketi likiwa limewashwa linakupa maikrotesla chache, mbali chini ya 200. Lakini halina sababu ya kuwaka usiku kucha: pasha kitanda nusu saa, chomoa kwenye soketi, kisha panda. Namna hiyo uga unakuwa sifuri, na hutalala juu ya waya uliokunjika na kupata moto.

Hita ndiyo inayotupa wasiwasi, kwa upande wa umeme wenyewe. Hita ya wati 5,500 huvuta ampea 24. Tunaona watu wakiiunga kwenye waya wa milimita 2.5 za mraba wa soketi, tena bila ethi. Waya unalainika, na siku koili ikipasuka, maji yanayokumwagikia yana volti. Dai mambo manne kwa fundi: waya wake peke yake kutoka kwenye mainswichi wa milimita 6 za mraba, sakiti breka ya ampea 32, kikata umeme cha kuvuja cha miliampea 30, na ethi inayofika hadi kwenye chuma cha ardhini, iliyopimwa. Kitufe cha majaribio cha kikata umeme kibonyeze kila mwezi. Kisiporuka, usioge na hita hiyo.

Najifunza kuchomelea. Mchana najisikia vizuri, usiku wa manane macho yanauma kama yamejaa mchanga. Wenzangu wanasema niweke maziwa. (Fundi mwanafunzi, Mwanjelwa)

Macho yako yameungua kwa urujuanimno wa cheche, mdogo wetu. Sehemu ya mbele ya jicho huungua kama ngozi inavyobabuka kwa jua, na maumivu huja saa 6 hadi 12 baadaye, ndiyo maana huyaunganishi na kazi. Miwani ya jua haitoshi. Kwa kuchomelea kwa fito na ampea 60 hadi 160, kioo cha barakoa kiwe namba 10. Ukipanda hadi 250, tafuta 11 au 12. Kioo cha mtungi wa gesi, namba 5, hakifai kwa umeme. Mbele ya kioo cheusi weka kioo cheupe cha kukilinda, na kikipata ufa, badilisha: mwanga unaopita kwenye ufa ni uleule.

Wengi huungua wakiwa hawachomelei, wakishikilia chuma cha mwenzao au kupita jirani. Ukuta mweupe na bati jipya hurudisha mionzi nyuma ya barakoa. Banda liwe na pazia la turubai, na anayeanza aseme kwa sauti kabla ya kugusisha fito. Mikono mirefu ya pamba nzito, kola imefungwa, kwa sababu shingo nayo hubabuka.

Maziwa yasiingie jichoni, wala matone ya viazi, yataleta vijidudu. Kaa gizani, weka kitambaa safi chenye maji baridi juu ya kope zilizofumbwa, meza dawa ya maumivu. Kwa kawaida hupona ndani ya siku moja au mbili. Usinunue matone ya ganzi ujitumie nyumbani: yanaondoa maumivu na kuzuia jicho kupona. Maumivu yakizidi siku mbili, au ukiona ukungu, au kama chembe ya chuma imeingia, nenda hospitali siku hiyohiyo.

Mwanangu wa miaka sita ana ualbino. Huku ni baridi na mawingu karibu mwaka mzima, je jua la huku lina shida? (Mama, Tukuyu)

Lina shida mama, na baridi ndiyo inayodanganya. Joto tunalolisikia halitoki kwenye urujuanimno. Kila ukipanda mita 1,000 kutoka usawa wa bahari, urujuanimno huongezeka kwa asilimia 10 hivi, kwa kuwa hewa ya juu yako imepungua. Tukuyu, Mbeya, Njombe na Kitulo mko juu, na mko karibu na ikweta ambako jua la mchana husimama wima. Mawingu mepesi hupitisha hadi asilimia 80. Mtoto anaungua akiwa amevaa sweta na kusema anasikia baridi.

Nguo ndiyo kinga ya kwanza. Inyooshe mbele ya taa: ukiona mwanga unapenya matundu, haifai. Mikono mirefu, suruali au sketi ndefu, na kofia yenye ukingo wa kuzunguka wa sentimita 7.5 au zaidi, inayofunika masikio na shingo. Kofia ya kapelo huacha masikio wazi, na masikio ni mahali saratani ya ngozi hupenda kuanzia. Zungumza na mwalimu mkuu mtoto aruhusiwe kofia na mikono mirefu juu ya sare, akae mbele mbali na dirisha lenye jua, na michezo na gwaride vimkute kabla ya saa nne asubuhi au baada ya saa kumi jioni.

Losheni iwe ya kinga (SPF) 30 au zaidi, ipakwe robo saa kabla ya kutoka, kwa wingi: usoni na shingoni ujaze urefu wa vidole viwili. Irudiwe kila baada ya saa mbili, na kila akitoka jasho au akijifuta. Watu wengi hupaka nusu ya kiasi hicho asubuhi tu, kisha wanasema losheni haifanyi kazi. Nchini hutengenezwa Kilisun, huko Moshi, kwa ajili ya watu wenye ualbino; uliza kliniki ya ngozi ya hospitali ya rufaa au chama cha watu wenye ualbino wa mkoa jinsi ya kuipata. Chupa isikae juani, inaharibika.

Mkague ngozi kila mwezi, mwanga wa kutosha, kuanzia masikio, midomo, shingo, hadi migongo ya mikono. Kidonda kisichopona ndani ya wiki nne, gamba linalotoka na kurudi, au uvimbe unaovuja damu kwa kuguswa kidogo, apelekwe kwa daktari wa ngozi bila kusubiri kliniki inayofuata.